Kifungu kimoja, kazi tatu: kudurusu ufahamu, mbinu za lugha na uhariri wa aya

Wanangu wa kidato cha tatu na cha nne, na nyinyi wazazi mnaokaa nao mezani usiku, leo tudurusu pamoja. Wengi hudurusu kwa kukariri. Daftari moja ni la ufahamu, jingine limejaa istilahi za fasihi kuanzia balagha hadi utohozi, na aya haiguswi mpaka mtihani ubishe hodi. Nawaomba mfanye vingine. Chukueni kifungu kimoja kifupi, mkisome, mzitambue mbinu zake, kisha mwandike aya yenu juu ya jambo lilelile na kuihariri. Dakika arobaini zinatosha. Anayesoma kwa makini ndiye anayeona mbinu, na aliyeona mwandishi mwingine alivyopanga sentensi zake hupata jicho la kuzikagua zake mwenyewe.

Kifungu cha leo nimewaandikia mimi:

"Alfajiri hiyo bahari ilikuwa imelala. Mzee Kombo aliisukuma ngalawa yake taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto mchanga. Pale kijijini walizoea kumwita Bahati, kwa kuwa hakuwahi kurudi mikono mitupu. Lakini mwezi ule wote Bahati alirudi na ndoo kavu. Alipofika mwambani aliutupa wavu. Chubwi! Akangoja. Jua likachungulia, likapanda, likamkodolea macho. Alipouvuta wavu aliuona mzito, mzito kuliko siku zote, na moyo ukaanza kumdunda. 'Leo,' alinong'ona, 'watakula.' Akauvuta tena."

Hatua ya kwanza: soma mara mbili kabla ya kushika kalamu

Mara ya kwanza soma kama unayesimuliwa hadithi. Neno gumu likikukwaza, lipite. Kisha soma maswali, ndipo urudi kwenye kifungu mara ya pili ukijua unachokitafuta. Tujaribu matatu: Kwa nini mzee huyu aliitwa Bahati? Utajuaje kuwa ana watu wanaomtegemea? "Mikono mitupu" ina maana gani kama ilivyotumika?

La kwanza jibu lake limo waziwazi, kazi yako ni kulisema kwa ufupi bila kunakili sentensi nzima: kila alipokwenda kuvua alirudi na samaki.

La pili ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu hakuna sentensi inayosema "Mzee Kombo alikuwa na familia". Jibu limejificha ndani ya neno moja, tena ndani ya silabi moja ya neno hilo. Hakusema "nitakula" wala "tutakula". Alisema "watakula". Kiambishi "wa-" kimebeba nyumba nzima ya watu ambao hatujawaona, na kinatuonyesha pia kuwa mzee mwenyewe hakujihesabu. Mtahini akiuliza "utajuaje", anataka umwonyeshe neno hilo kwa kidole, si umwambie unavyohisi.

La tatu lina mtego mdogo. Maana ya kawaida ya "mikono mitupu" ni bila chochote, lakini umeulizwa *kama ilivyotumika*. Hapa ni bila samaki.

Kwa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne Kenya, kumbukeni karatasi ya 102/2, ile ya lugha ya Kiswahili, ina alama 80, na ufahamu na ufupisho kila kimoja kina 15. Hizo ni alama 30 za mtu anayejua kusoma tu, bila kukariri kanuni hata moja ya sarufi.

Hatua ya pili: taja, dondoa, eleza kazi

Nimesahihisha majibu mengi sana ya fasihi yenye neno moja: "Tashihisi." Nukta. Hilo ni jina tu, halijawa jibu. Jibu kamili lina vitu vitatu: jina la mbinu, maneno yaliyodondolewa kutoka kwenye kifungu, na kazi ambayo mbinu hiyo inaifanya *hapo*. Msiniletee ile sentensi ya "inapamba lugha na kumvutia msomaji". Hiyo unaweza kuibandika kwenye mbinu yoyote ya kitabu chochote, kwa hiyo haituelezi kitu.

Tuangalie mwanzo wa kifungu kwa karibu. "Bahari ilikuwa imelala" ni tashihisi, bahari imepewa tendo la kiumbe. "Kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto mchanga" ni tashbihi. Wengi wataziorodhesha mbili hizi na kupita. Ngojeni kidogo. Huyo mtoto asiyetakiwa kuamshwa ni nani? Ni bahari yenyewe, iliyotajwa sentensi moja kabla kuwa imelala! Sentensi ya pili inaendeleza picha ya kwanza, na kwa pamoja zinatuonyesha mtu anayeipenda bahari na kuihofia kwa wakati mmoja. Halafu tazameni jua. Lachungulia, lapanda, lamkodolea macho. Ile asubuhi ya kunyatia imegeuka asubuhi ya kutazamwa, na mzee ambaye mwezi mzima hajapata kitu anatazamwa mpaka aone haya. Ukiandika hivyo, mtahini atajua umesoma.

Zilizobaki nazipitia haraka. "Chubwi!" ni tanakali ya sauti, neno linaloiga mlio wa wavu ukigonga maji. Kuitwa Bahati ilhali ndoo ni kavu ni kinaya, maana hali imekwenda kinyume na jina. Ingekuwa kejeli kama wanakijiji wangemwita hivyo sasa kwa kumcheka. Mwisho ni taharuki: tunabaki na hamu ya kujua ndani ya wavu mna nini.

Jihadharini na neno "kama". Si kila "kama" ni tashbihi. "Alingoja kama saa mbili" ni kadirio, na "kama angalijua asingalikwenda" ni sharti. Tashbihi lazima iwe na vitu viwili tofauti vinavyolinganishwa. Ikiwa hukuviona vyote viwili, iache.

Na kwa wasomaji wa pande zote mbili za mpaka: kinachoitwa chuku Kenya, yaani kutia chumvi kupita kiasi, Tanzania wengi hukiita mubaalagha, na mbinu rejeshi, ya kuirudisha hadithi kwenye mambo yaliyopita, ni kisengere nyuma. Tumia jina linalotumika darasani kwenu, lakini lijue na lile jingine usije ukadhani ni mbinu mpya.

Hatua ya tatu: andika aya, kisha ihariri

Hii hapa rasimu. Si ya mwanafunzi yeyote. Nimeitunga kwa kukusanya makosa ninayokutana nayo kila muhula:

"Uvuvi ni muhimu sana kwa watu wa pwani. Pia unatupatia chakula. Pia samaki hizo zinauzwa sokoni na wavuvi wanapata pesa za karo. Baharini kuna papa, changu, tasi na samaki wengine wengi. Wavuvi wenye wanatumia nyavu za matundu madogo wanaharibu mazalia. Kwa hivyo uvuvi ni muhimu sana kwa watu wa pwani."

Usianze na sarufi. Najua mkono unawasha, lakini utajikuta umeisafisha sentensi ambayo baadaye utaifuta. Anza kwa kuuliza: aya hii inasema jambo gani moja? Inasema uvuvi unalisha na kusomesha. Basi sentensi ya kiini iseme hivyo, badala ya "ni muhimu sana", ambayo hata ufugaji wa nyuki unaweza kuisema.

Kisha pima kila sentensi kwa kiini hicho. Orodha ya papa, changu na tasi haimlishi mtu wala kumsomesha, itoke. Sentensi ya nyavu za matundu madogo ni nzuri na ya kweli, ila imekosea njia. Ihamishe ikawe mwanzo wa aya inayofuata. Ya mwisho inarudia ya kwanza neno kwa neno, nayo itoke. Usiogope aya kupungua.

Sasa viunganishi. "Pia" mbili mfululizo zinaonyesha kuwa mwandishi anarundika hoja bila kuziunganisha. Jiulize sentensi hii inahusianaje na iliyotangulia: ni sababu, ni matokeo, au ni kinyume? Mwisho kabisa ndipo uingie kwenye sarufi: "samaki hizo zinauzwa" iwe "samaki hao wanauzwa", na "wavuvi wenye wanatumia" iwe "wavuvi wanaotumia". "Wenye" ni ya kumiliki: wenye nyavu, wenye mashua.

Aya ikawa hivi:

"Uvuvi ndio unaowalisha na kuwasomesha watoto wengi wa pwani. Changu wawili watatu wa alfajiri huwa kitoweo cha mchana, na wanaobaki hupelekwa sokoni. Fedha zinazopatikana huko ndizo za unga, na shule zinapofunguliwa, ndizo za karo. Ndiyo maana bahari ikichafuka wiki nzima, deni la dukani huongezeka na watoto huanza kurudishwa nyumbani."

Isome kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, rudi na kalamu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha nne. Hilo jina Bahati mbona umesema ni kinaya tu? Si majazi pia?*

Marahaba mwanangu. Swali zuri. Majazi ni pale mwandishi anapompa mhusika jina linaloendana na tabia au hali yake, kama tajiri anayeitwa Mwinyi. Hapa jina la mzee ni Kombo. Bahati ni jina alilobandikwa na wanakijiji kwa sababu ya mambo waliyoyaona kwake, kwa hiyo ni lakabu. Ukisema ni lakabu iliyogeuka kinaya, umepata zote mbili.

*Mwalimu, umekataa "samaki hizo", lakini kila siku tunasema "rafiki zangu" na "ng'ombe zetu". Tushike lipi?*

Shika yote, kila moja mahali pake. Kwa baadhi ya nomino za viumbe, kimilikishi hukubalika kwa "z": rafiki zangu, ndugu zetu, ng'ombe zetu. Lakini kitenzi na kionyeshi vinabaki katika A-WA, ngeli ya viumbe. Tunasema "ng'ombe zetu *wamepotea*", hatusemi "zimepotea". Ndiyo sababu "samaki hizo zinauzwa" haipiti katika Kiswahili sanifu.

*Mimi ni mwanafunzi Tanzania. Kitabu kimoja kinasema dhamira ni sehemu ya maudhui, kingine kinasema dhamira ni lengo la mwandishi. Nimechanganyikiwa.*

Pole, hujakosea kusoma, ni matumizi mawili tofauti. Kwenu fasihi hugawanywa kwenye fani na maudhui, na dhamira huwekwa ndani ya maudhui pamoja na migogoro, ujumbe, mtazamo na falsafa. Kenya mara nyingi maudhui ni masuala yanayozungumziwa, na dhamira ni kusudi la mwandishi kuyazungumzia. Wewe unafanya mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, fuata mgawanyo wa kwenu.

*Mwanangu anasoma mbio, akimaliza hakumbuki kitu. Mimi Kiswahili changu ni cha sokoni, nitamsaidiaje?*

Mama, cha sokoni kinatosha sana. Mwambie akusomee aya moja kwa sauti, afunike kitabu, akusimulie. Akisema "huyu mtu ana hasira", wewe muulize neno moja tu: "Umejuaje?" Hilo ndilo swali la mtahini, na wewe huhitaji kujua jibu ili uliulize. Atalazimika kufunua kitabu atafute. Baada ya wiki mbili tatu utaona anapunguza mbio mwenyewe.

*Nimejaribu kuandika: "Jembe lilikuwa rafiki yake wa dhati." Hii ni tashihisi au sitiari?*

Ni sitiari, maana umesema kitu kimoja *ni* kingine bila "kama" wala "mithili ya". Jembe halijafanya tendo lolote la binadamu. Ungeandika "Jembe lilimngoja mlangoni kila alfajiri", hapo ingekuwa tashihisi. Nadhani hiyo ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu urafiki tunauona badala ya kuambiwa. Iendeleze kwa sentensi nne, utuonyeshe siku ambayo jembe lilingoja na mwenyewe hakutoka, kisha ilete hapa tuihariri.