Kushona jeraha refu la paja: anzia katikati

Wiki iliyopita, hapa kituoni kwetu Mufindi, tulimpokea mpasua mbao ambaye panga lilimteleza likamfungua paja sentimita 16, hadi kwenye mafuta. Tabibu kijana aliyekuwa zamu alishaanza kushona kutoka upande wa goti akipanda juu. Nikamwomba atoe nyuzi zote tuanze upya. Nawaandikia matabibu na madaktari wanaoanza kazi.

1. Pima kabla ya ganzi. Mapigo ya damu mguuni, hisia za vidole, kunyoosha goti. Ukishachoma ganzi hutajua tena kama neva imekatwa au imelala tu. Ukiona msuli uliokatika, mshipa mkubwa au mfupa, andika rufaa.

2. Ganzi. Lignokaini isiyo na adrenalini, miligramu 3 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anapata 180 tu: mililita 18 za asilimia 1, au 9 za asilimia 2. Soma chupa.

3. Osha. Maji ya dripu ya chumvi, lita nzima, kwa bomba la mililita 20 na msukumo wa kutosha. Iodini ni ya ngozi ya pembeni, usiimwage ndani. Jeraha lenye udongo mwingi au lililolala usiku kucha usilifunge; weka shashi mbichi, lishone siku ya 3 hadi ya 5 likiwa safi.

4. Kushona. Hapa ndipo nilipopoteza saa mbili nzima usiku mmoja nilipokuwa mgeni kazini. Nilianzia mwisho mmoja. Kila uzi ulisogeza ukingo mmoja kidogo kuliko wa pili, na nilipofika mwisho ngozi iliyobaki ikasimama kama sikio. Nikakaza nyuzi ili ilale. Kesho yake mguu ulivimba, kingo zikapauka, na siku ya tano nyuzi zilikuwa zimepasua ngozi.

Kwa hiyo uzi wa kwanza unakaa katikati kabisa. Wa pili katikati ya nusu moja, wa tatu katikati ya nusu nyingine, uendelee kugawa hivyo hivyo.

Halafu, ngozi isibebe mzigo. Mzigo ubebwe na tabaka la chini yake, kwa Vicryl, uzi unaoyeyuka wenyewe mwilini, unene wa 2/0 au 3/0. Ingiza sindano kutokea chini kwenda juu ukingo huu, kisha juu kwenda chini ukingo ule, ili fundo lizame. Ukimaliza tabaka hilo vizuri, kingo zitakuwa karibu kugusana zenyewe. Zikigoma, tenganisha ngozi na kilicho chini yake sentimita moja au mbili kila upande. Zikigoma bado, acha wazi, mpeleke kwa daktari wa upasuaji. Usivute.

Juu natumia nailoni 3/0. Hariri siitaki kwenye jeraha la panga, maana ni uzi wa kusokotwa na vijidudu hujificha humo. Penye mvutano napiga mshono wa kwenda na kurudi: kwanza mbali, milimita 8 kutoka ukingoni, kisha narudi karibu, milimita 2. Kingo huinuka kidogo, na ndivyo zinavyotakiwa. Kwingine nyuzi moja moja. Ule mshono wa mfululizo ni wa haraka, lakini usaha ukijikusanya unalazimika kufumua wote. Nyuzi moja moja unatoa mbili tu, usaha unatoka.

Fundo liguse, lisibane. Ukingo ukigeuka mweupe chini ya uzi, kata uzi huo urudie hata kama umechoka, kwa sababu uvimbe wa kesho utaukaza zaidi.

5. Baadaye. Chanjo ya pepopunda, shashi kavu. Nyuzi za paja hutoka siku ya 10 hadi ya 14, za kichwa siku ya 7, za uso siku ya 5. Mwambie arudi siku ya pili uone kingo kwa macho yako, na kama anatoka kijiji cha mbali, mtafutie pa kulala karibu.