Bromothimoli bluu: anza na rangi sahihi

Mimi ni fundi sanifu maabara katika shule ya sekondari, na kiashiria (kemikali inayoonyesha asidi au besi kwa rangi) ninachokitegemea kuliko vyote kabatini ni bromothimoli bluu. Hugeuka kati ya pH (kipimo cha uasidi na ubesi) 6.0 na 7.6: kwenye asidi ni manjano, kwenye besi ni buluu, katikati kijani. Kwa kuwa hugeukia karibu na 7, yaani pasipo asidi wala besi, huhisi hata asidi hafifu inayotokea hewa ukaa ikiyeyuka majini.

Kuitengeneza: yeyusha gramu 0.1 ya unga katika mililita 16 za sodiamu haidroksaidi ya molari 0.01, kisha ongeza maji yaliyokenekwa hadi mililita 250.

Wengi huharibikiwa hapa. Maji yaliyokenekwa yakikaa wazi hunyonya hewa ukaa, kwa hiyo ukidondosha kiashiria yanaweza kuwa manjano papo hapo, kabla jaribio halijaanza. Chovya kijiti cha kioo kwenye ile haidroksaidi hafifu, koroga, rudia mpaka upate buluu nyepesi. Ikikolea sana, besi imezidi na mwanafunzi atapuliza hadi achoke kwenye jaribio linalofuata.

Jaribio la pumzi: mwanafunzi apulize taratibu kwa mrija. Toboa mrija tundu dogo juu, asije akavuta maji kinywani. Buluu itapita kijani hadi manjano. Akiuliza kama ni mate yaliyogeuza rangi, chemsha maji hayo: hewa ukaa hutoka na buluu hurudi. Weka tone la siki kwenye testi tyubu nyingine yenye maji ya kiashiria, chemsha, manjano yatabaki. Napenda sana hatua hii, maana mtoto anajijibu mwenyewe.

Usanisinuru: tia mmea wa majini kwenye maji yaliyokwisha kupulizwa, ziba, weka juani. Baada ya saa kadhaa rangi hurudi kuelekea buluu. Lazima uwe na testi tyubu ya pili iliyofungwa foili, na ya tatu isiyo na mmea. Bila hizo hujathibitisha kitu.

Kwenye titresheni (kupima kiasi cha asidi kwa kuiongezea besi mpaka ziishane) inafaa kwa asidi kali na besi kali, mfano haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi; simamia kwenye kijani. Kwa siki na sodiamu haidroksaidi iache, itageuka mapema kabla asidi haijaisha. Hapo chukua POP (kiashiria cha fenolfthalini), inayogeuka kuanzia pH 8.2 hivi.