Kuchangisha Fedha za Timu ya Mpira wa Kikapu ya Shule, Hatua kwa Hatua

Timu nyingi za shule huanza kuchangisha na sentensi moja tu: "Tunaomba mtusaidie." Anayeisikia hutoa kilichopo mfukoni na kuendelea na shughuli zake. Lakini akielezwa kwamba timu ina wachezaji 12 na mipira miwili, mmoja umevimba ubavuni na haudundi sawa, kisha akaombwa anunue mpira mmoja, anajua fedha yake inakwenda wapi. Mwongozo huu umeandikwa kwa walimu, makocha na wazazi walio kwenye kamati ya timu. Anzeni wiki 10 hivi kabla ya msimu. Mkichelewa zaidi ya hapo, jezi zitafika mechi zikiwa zimeshaanza.

Hatua ya 1: Orodhesheni mahitaji, kitu kwa kitu

Msiandike "vifaa vya michezo". Andikeni vitu na idadi yake. Kwa timu ya wachezaji 12, orodha ya kawaida huwa hivi:

- Mipira 7: mmoja kwa kila wachezaji wawili mazoezini, na mmoja unaotunzwa kwa ajili ya mechi. Wavulana wakubwa hutumia namba 7, wasichana namba 6, na watoto wadogo namba 5.
- Jezi seti mbili, moja ya rangi nyepesi na nyingine ya rangi nzito, ili timu mbili zisikutane uwanjani na rangi moja.
- Neti 4, mbili za kutumia na mbili za akiba.
- Pampu 1 na sindano zake 3, kwa kuwa sindano huvunjika na kupotea.
- Sanduku la huduma ya kwanza, likiwa na bandeji za kifundo cha mguu za kutosha.
- Nauli ya kila safari, ada ya mashindano na malipo ya waamuzi.

Kama mnachezea uwanja wa saruji, nunueni mipira ya mpira mgumu iliyotengenezwa kwa ajili ya nje. Mpira wa ngozi ni mzuri ukumbini, ila saruji huutafuna haraka na fedha ya mchangaji inapotea nao.

Ulizeni bei ya kila kitu kwa wauzaji wasiopungua wawili, jumlisheni, kisha ongezeni asilimia 10 kwa dharura. Gaweni orodha mafungu mawili: vitu ambavyo bila hivyo timu haichezi, na vitu vinavyoweza kusubiri. Fedha inayoingia mwanzo ijaze fungu la kwanza hadi litimie. Kosa linalojirudia ni kuchapa fulana nzuri za kupashia mwili huku ada ya mashindano haijalipwa.

Hatua ya 2: Ruhusa, na mikono inayoshika fedha

Pateni ruhusa ya maandishi ya mkuu wa shule kabla mwanafunzi yeyote hajamwomba mtu hata shilingi. Barua hiyo itaje njia mtakazotumia, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na mahali fedha itakapowekwa. Fedha isikae kwenye akaunti ya kocha wala kwenye simu yake, hata kama ni mwaminifu kupindukia. Mpangilio huu unamlinda yeye kwanza. Tumieni akaunti ya shule au ya timu inayohitaji sahihi mbili.

Anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika vitabu. Mmoja apokee na kukata risiti yenye namba, mwingine aandike daftari la mapato na matumizi. Kila jioni wawili hao walinganishe. Tofauti ikigundulika siku hiyo hiyo hutatuliwa kwa dakika tano. Ikigundulika baada ya mwezi huzaa ugomvi.

Bahati nasibu tunashauri muiache. Katika nchi nyingi inahesabiwa kuwa mchezo wa kubahatisha na inahitaji kibali, na shule haifai kuingia huko. Wanafunzi wasitumwe peke yao nyumba kwa nyumba. Picha za watoto zisitumike bila idhini ya wazazi wao.

Hatua ya 3: Ahadi kwa kila mtupo huru

Kama mna nguvu za kufanya jambo moja tu, fanyeni hili. Gharama yake ni karatasi na maji ya kunywa, na wachezaji wanafanya kile wanachokifanya mazoezini kila siku. Kila mchezaji anatupa mitupo huru 100, yaani mitupo ya kwenye ringi kutoka mstari maalumu, bila mpinzani wa kumzuia. Kabla ya siku hiyo, watu wameahidi kiasi fulani kwa kila mtupo utakaofunga.

Chukueni kiasi kidogo cha fedha yenu mkiite kipande 1. Mchezaji akifunga mitupo 50 kati ya 100, na wachangaji wake 10 wameahidi kipande 1 kwa kila mtupo, ameleta vipande 500. Wachezaji 12 wa namna hiyo wanaleta vipande 6,000.

*Fomu ya ahadi.* Iwe na safu sita: jina la mchangaji, namba ya simu, kiasi kwa kila mtupo, ukomo, mchango wa jumla kwa asiyetaka hesabu ya mitupo, na tarehe aliyolipa. Safu ya ukomo msiiache. Mtu huahidi vipande 2 akidhani mtoto atafunga 30, kumbe anafunga 64 na deni linafika 128. Bila ukomo, atakwepa simu. Akiwa ameandika ukomo wa 100, analipa 100 kwa furaha.

*Wiki tatu kabla.* Kila mchezaji aandike majina 15 ili apate wachangaji 10. Kisha kaeni pamoja mlinganishe orodha, maana bila hivyo wachezaji wote 12 watamwendea mwalimu yule yule mwenye roho nzuri. Jina likitokea mara mbili, libaki kwa aliye karibu naye zaidi. Ndugu wanaoishi mbali msiwasahau. Hawa mara nyingi hawajawahi kuombwa.

*Wiki mbili kabla.* Kila mchezaji atupe 100 mazoezini, hesabu iandikwe. Sasa anaweza kumwambia mchangaji, "Kwa kawaida nafunga kama 45," naye mchangaji akaahidi akijua anachokiahidi. Kocha naye anafaidika, maana anaona nani anakunja kiwiko vibaya na nani anachoka upesi.

*Uwanjani.* Mstari wa mitupo huru uko mita 4.6 kutoka uso wa ubao. Kama rangi imefutika, pimeni upya kwa futi ya kamba na mchore kwa chaki. Pimeni kutoka kwenye ubao, si kutoka kwenye nguzo, kwa sababu nguzo huwa nyuma ya ubao na mstari utakuwa umesogea. Ringi iwe na urefu wa mita 3.05 kutoka chini. Wachezaji wadogo wasiofikisha mpira wasogezwe mbele, na wachangaji waambiwe mapema.

Kila ringi inahitaji watu wanne mbali na mtupaji: mmoja wa kuokota mpira, mmoja wa kumrudishia, na wahesabuji wawili. Wahesabuji wana karatasi yenye vyumba 100. Mtupo uliofunga unawekewa alama ya vema, uliokosa mkwaju (/). Kila baada ya mitupo 10 wanalinganisha kwa sauti. Mkingoja hadi mwisho mkakuta mmoja ana 57 na mwingine 60, hakuna atakayejua kosa lilitokea wapi.

Mapumziko mafupi yawepo kila baada ya mitupo 25, kwa sababu miguu ikichoka mpira huanza kugonga mdomo wa mbele wa ringi. Mtupo mmoja kila sekunde sita au saba unafanya 100 ziishe kwa dakika 10 hadi 12 bila mapumziko. Tengeni dakika 15 kwa kila mchezaji. Wachezaji 12 kwenye ringi mbili wanamaliza kwa saa moja na nusu.

*Baada ya siku hiyo.* Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Ujumbe uende jioni ile ile: "Asante. Amina amefunga 53. Ahadi yako ni vipande 53. Njia ya kulipa ni hii." Siku ya tatu, mchezaji mwenyewe apige simu akiwa na mzazi. Siku ya saba fungeni hesabu. Ahadi ikipita wiki mbili bila kulipwa, aghalabu hailipwi tena, na kumsumbua mtu baada ya hapo kunamfukuza mwaka ujao.

Hatua ya 4: Wadhamini wa biashara

Mwenye biashara husoma barua akiwa amesimama. Iwe ukurasa mmoja, imtaje kwa jina, na iombe kitu kimoja. Mfano:

"Timu yetu ya wasichana ina wachezaji 12 na inafanya mazoezi kwa mipira miwili. Tunakuomba ununue mipira minne namba 6, ambayo bei yake tumeiambatanisha. Jina la biashara yako litakuwa kwenye bango la uwanjani kwa mechi zote za nyumbani msimu huu. Tutakuja Jumanne saa nne asubuhi kupokea jibu lako, liwe la kukubali au la kukataa."

Sentensi ya mwisho msiiondoe. Barua isiyo na siku ya jibu hukaa kwenye droo. Siku hiyo waende mwalimu na nahodha wa timu, wawe wamevaa sare, na waondoke ndani ya dakika 10.

Kabla ya kuahidi nembo kwenye jezi, someni kanuni za mashindano yenu. Baadhi ya ligi za shule haziruhusu matangazo kwenye jezi za mechi, au zinaweka mipaka ya ukubwa na mahali pa kuyaweka. Bango na fulana za kupashia mwili huwa salama zaidi. Kampuni za pombe, sigara na kamari msizikubali, hata zikitoa kubwa kuliko wote.

Hatua ya 5: Bonanza la watatu kwa watatu

Mchezo wa watatu kwa watatu unatumia nusu uwanja na ringi moja, kwa hiyo uwanja mmoja kamili unachezesha mechi mbili kwa wakati mmoja. Timu ina watu wanne, watatu ndani na mmoja wa akiba. Mechi ni dakika 10, au inaisha timu ikifikisha pointi 21. Kikapu cha ndani ya tao, yaani mstari uliopinda kuzunguka ringi, ni pointi 1, cha nje ya tao ni 2. Kwenye bonanza la kuchangisha, saa iende bila kusimama, vinginevyo ratiba itavunjika kabla ya mchana.

Timu 16 ndiyo idadi inayopangika vizuri. Zigaweni makundi manne ya timu nne. Kila kundi lina mechi 6, jumla 24. Kila mechi ipewe dakika 20 pamoja na kuingia na kutoka: ringi mbili zinamaliza makundi kwa saa 4. Timu mbili za juu za kila kundi zinaingia robo fainali. Robo, nusu na fainali zinachukua saa 1 na dakika 20. Ringi moja ichezeshe makundi mawili kwa kupokezana, ili timu isicheze mara mbili mfululizo.

Ada ya kushiriki ilipwe siku tano kabla. Timu zinazosema "tutalipa mlangoni" nyingine hazifiki, na kundi la timu nne linabaki na mbili. Mkipata timu 12, tumieni makundi manne ya timu tatu, mechi 12, saa 2. Kama uwanja uko nje, tangazeni tarehe ya akiba kwenye tangazo lile lile la kwanza, kwa ajili ya mvua.

Toeni malipo ya waamuzi, maji na zawadi kwenye mapato kabla ya kusema mmepata ngapi. Zawadi za gharama ndizo humeza faida. Medali na picha ya timu vinatosha.

Hatua ya 6: Mlangoni, fulana na mtandaoni

Tiketi za mlangoni ziwe na namba. Mkianza na 201 na tiketi ya kwanza iliyobaki ikawa 348, mmeuza 147, na fedha iliyomo sandukuni lazima ilingane na 147.

Fulana za kuuza zichapwe kwa oda iliyolipiwa tu. Mkichapa kwa kukisia, saizi ya kati itaisha siku ya kwanza na saizi kubwa sana itabaki kabatini, na faida yote imelala humo.

Mchango wa mtandaoni unahitaji picha moja nzuri, orodha ya Hatua ya 1, na tarehe ya mwisho. Someni kwanza makato ya jukwaa mnalotumia. Kabla ya kuutangaza kwa watu wote, ombeni wazazi na marafiki wa karibu wachange hadi theluthi hivi ya lengo. Mgeni akikuta sifuri husita.

Hatua ya 7: Taarifa kwa waliochanga

Ndani ya wiki mbili baada ya kununua, kila mchangaji apate ukurasa mmoja wenye kiasi kilichoingia, kilichotumika kwa kitu gani, na kilichobaki, pamoja na picha ya mipira au jezi zenyewe. Aliyetoa kidogo apate taarifa ile ile anayopata mdhamini mkubwa. Salio liandikwe kwenye daftari kwa jina la msimu ujao, liachwe kwenye akaunti. Fomu za ahadi zina namba za simu za watu, basi zifungiwe ofisini kwa mwalimu wa michezo, na kamati mpya ikiingia ikabidhiwe pamoja na daftari na vitabu vya risiti, hata vile ambavyo havijaisha.