Bathdei ya themu ya bahari, tumia vyakula vya nyumbani tu

Wamama mnaopanga bathdei ya mtoto na anataka themu ya bahari, si lazima mtu uagize vitu vya bei, chukua smoki, zile soseji za moshi, ukate nusu, upande mmoja uuchane kwa kisu upate miguu minane kisha utie kwa mafuta ya moto, miguu yajikunja yenyewe unapata pweza kabisa! Macho weka kidoti cha mayonezi, karafuu hapana, mtoto atatafuna. Mahamri kata pembetatu zile zile za kawaida, simamisha katikati ya viazi karai kwa sinia, hayo ndo matanga ya dau. Jeli ya buluu pika usiku, na joto hili la Mombasa usiitoe frijini mpaka watoto washakaa. Hao pweza wa smoki kaanga mwisho, wakipoa hawanogi.