Jinsi ya kuomba fedha za maktaba ya umma kabla bajeti haijafungwa

Maombi mengi hukwama kwa sababu yamefika bajeti ikiwa imeshapitishwa. Kwa hiyo, kabla hujaandika chochote, nenda ofisi ya mipango ya halmashauri uulize idara zinawasilisha makisio lini. Barua yako itangulie tarehe hiyo.

Kisha kaa na mkutubi, maana ombi lisilopitia kwake litarudishwa kwake tu. Fungueni daftari la wageni na la kuazima mhesabu: wangapi huingia kwa siku, vitabu vingapi hutoka, wangapi hurudi mikono mitupu. Daftari likiwa na mapengo, hesabuni wenyewe wiki mbili, asubuhi na jioni. Mimi hutazama pia karatasi ya tarehe za kuazima iliyobandikwa ndani ya jalada la kila kitabu. Kitabu cha hesabu ambacho mihuri imejaa hadi ukingoni, na kurasa zimeshikizwa kwa gundi, kinaeleza uhitaji kuliko aya nzima. Kipige picha uiambatishe.

Kazi kubwa iko kwenye bajeti. Wengi huomba jengo na vitabu, wakasahau mshahara, umeme, intaneti na ukarabati. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani aliyegharimia maktaba 2,509 kati ya 1883 na 1929, kwa kawaida aliutaka mji utoe kiwanja na uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kwa uendeshaji. Fuata busara hiyo: tenga matumizi ya mara moja na ya kila mwaka, kila kifaa kiwe na ankara kifani, yaani makadirio ya bei kutoka kwa muuzaji. Mashirika kama Book Aid International hutoa vitabu, lakini mshahara wa mkutubi na taa za jioni ni haki vitoke kwenye fungu la umma.

Barua iwe ya ukurasa mmoja: kiasi, kazi yake, msimamizi. Taja Ilani ya IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba) na UNESCO ya Maktaba za Umma ya 1994, iliyohuishwa 2022, inayosema maktaba hizi ni wajibu wa serikali kuu na za mitaa. Ambatisha sahihi za wasomaji.

Peleka barua halmashauri pamoja na nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nyingine mpe diwani mkononi, umweleze, kwani yeye ndiye atakayesimama kikaoni.

Ukikubaliwa, omba jina la fungu kwa maandishi. Tunza stakabadhi zote, na daftari la wageni lisikatike hata siku moja. Makisio ya mwaka ujao yataanzia hapo.