Roshani ya shangazi: namna ya kusaka picha na ramani za zamani za nyumba yako

Masika ya mwaka juzi roshani ya nyumba ya shangazi yangu, Malindi ya Unguja, iling'oka usiku ikalala njiani. Hakuumia mtu. Kulipokucha nusu ya mbao zilikuwa zimeshachukuliwa, na sijui jiko la nani lilizila. Sasa, ndani ya Mji Mkongwe hujengi tu upendavyo. Unaomba kibali, na unatakiwa uonyeshe kitu unachokirudisha kilikuwaje. Mimi ndiye mchora ramani katika ukoo, basi mzigo ukaniangukia. Nikadhani ni kazi ya wiki moja, ikanichukua miezi minne. Naandika nilivyofanya ili wewe upunguze hapo.

Anza nyumbani kabla ya kufungua kompyuta. Waombe wazee sanduku la picha. Sisi tulipata picha ya harusi ambayo bibi harusi ameikinga roshani karibu yote, lakini mkono mmoja wa mbao unaoibeba unaonekana vizuri, na nakshi yake ikanisaidia baadaye kuliko picha zote za Ulaya. Kama picha imeganda kwenye albamu usiibandue, ipige hapohapo ilipo, kivulini, karibu na dirisha, bila flashi. Ukiwa na skana, iweke kwenye 600 dpi (nukta 600 kwa inchi) na uskani na mgongo wa picha pia. Mgongoni ndiko kuna mhuri wa studio, mwaka, na pengine ugomvi wa kifamilia.

Halafu ingia kwenye makusanyo yaliyowekwa kwenye intaneti. Yapo mengi, lakini kwa Zanzibar matatu ndiyo yaliyonilisha. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina Mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za tangu miaka ya 1860 hadi 1960 hivi. Nyaraka za Taifa za Uingereza zilitoa kwenye Flickr mwaka 2011 picha za Wizara ya Makoloni, zile zenye alama CO 1069. Na Maktaba ya Bunge la Marekani ina picha za mpiga picha Matson za safari ya Afrika Mashariki ya 1936, ambazo unapakua faili kubwa bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ugumu uko kwenye maneno ya kutafutia. Niliandika "roshani Malindi" nikapata sifuri. Aliyeandika maelezo ya picha hakuwa mtu wa Malindi, alikuwa afisa, mmisionari au muuza kadi za posta, na kwake mtaa wetu haukuwa na jina. Yakupasa uwaze kama yeye. Andika "Arab house", "native quarter", "street scene", "narrow street", "carved door". Kwa makusanyo ya Kijerumani andika "Sansibar", na kama nyumba yako iko bara, jaribu "Daressalam", "Bagamojo", "Muansa", "Moschi". Miji mingine ilibadilishwa jina kabisa: Lushoto iliitwa Wilhelmstal, Tukuyu ikaitwa Neu-Langenburg. Barabara nazo vivyo hivyo. Samora ya Dar es Salaam ilikuwa Independence, na kabla yake Acacia, na Wajerumani waliiita Unter den Akazien. Barabara ya Benjamin Mkapa hapa kwetu itafute kama Creek Road. Tengeneza orodha ya majina haya kwenye daftari kabla ya kuanza, kila jina na zama zake.

Ukiona picha inayokuvutia, chukua namba yake ya kumbukumbu papo hapo, kabla ya kufanya lolote. Mimi nilihifadhi picha moja kwa jina la "mpya3" na mpaka leo sijui ilitoka wapi, kwa hiyo sikuweza kuitia kwenye maombi ya kibali. Faili langu sasa linabeba jina la taasisi, namba, kisha mtaa. Pakua pia faili kubwa kuliko yote wanayotoa. Ile ndogo inayofunguka kwenye simu inatosha kupendeza tu, ukiivuta inageuka miraba.

Sasa tarehe. Usiamini iliyoandikwa chini ya picha. Studio za hapa kama A. C. Gomes na Coutinho ziliuza kadi zilezile miaka na miaka, na mhuri wa posta unakwambia kadi ilitumwa lini, haukwambii picha ilipigwa lini. Angalia kilichomo ndani ya picha. Upande wa bahari tuna saa nzuri sana ya kusomea miaka, nayo ni Beit al-Ajaib, jumba la Sultani. Ilijengwa 1883, na mnara ulikuwa umesimama peke yake mbele ya majumba ya Sultani. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja, mnara ukaharibika, na baadaye mnara mpya wa saa ukajengwa ukiwa umeshikana na uso wa Beit al-Ajaib. Ukiona mnara uko mbali na nyumba, picha ni ya kabla ya hapo. Ukiona umeshikana nayo, ni ya baada. Tazama pia baharini: meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa siku ileile, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini mpaka mabaki yalipoondolewa 1912. Kama milingoti ipo, una miaka kumi na sita tu ya kuchagua. Na reli ikipita mbele ya Ngome, yaelekea umevuka 1905, mwaka treni ya Bububu ilipoanza. (Kona ya Beit al-Ajaib yenyewe ilianguka na huo mnara siku ya Krismasi 2020. Tangu hapo picha hizi zimekuwa vifaa vya kazi vya mafundi.)

Kwenye Mkusanyo wa Winterton nilipata njia inayofanana na ya kwetu, ila haikukubali. Baraza iko upande usio wake, mlango mkubwa uko upande usio wake, na msikiti uko kulia. Nikaiweka kando. Wiki mbili baadaye nilimwonyesha shangazi picha kumi, na hii nikaitia ili kujaza tu. Aliitazama, akaigeuza simu yangu kama anatafuta mgongo wake.

"Hii ndiyo yetu, mwanangu. Lakini wameivaa ndani nje."

Ndivyo ilivyokuwa. Picha za zamani nyingi zilipigwa kwenye kioo, na kioo kikiwekwa upande wa pili wakati wa kuchapa au kuskani, kushoto kunakuwa kulia. Nikaigeuza kwenye programu, na lile doa juu ya duka ambalo nilidhani ni ukungu likawa herufi za Kigujarati. Kwa hiyo fanya hivi kwa kila picha unayotaka kuitupa: igeuze kwanza. Kisha mpe mzee aitazame, nawe usimwambie unatafuta nini.

Ukishapata picha, unaweza kuipima, kwa kiasi. Tafuta kitu ambacho bado kipo na kiko kwenye ukuta uleule. Mlango wa chini bado ungalipo, nikaupima kwa mita nikapata sentimita 120. Kwenye picha ulikuwa na upana wa nukta 96, basi kila nukta ni sentimita 1.25. Roshani ilikuwa nukta 304, yaani mita 3.8. Hesabu hii inafaa tu kama ukuta unatazamana na kamera. Ukuta ukienda upande, unadanganywa. Na namna ilivyotokeza njiani huwezi kuipima hivi kabisa. Hiyo niliipata kwenye nyumba yenyewe: vipande vya boriti vilivyobaki ukutani, mashimo yaliyotobolewa kwa ajili ya mikono ya mbao, na ule mkono wa kwenye picha ya harusi.

Ramani na faili za ujenzi zina njia yake. Nyingi hazijaingia kwenye intaneti, ni kwenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, ukae na katalogi. Faili za Sekretarieti ya zamani, ofisi kuu ya utawala wa Waingereza, zina namba zinazoanza na AB. Nenda asubuhi, chukua penseli, kalamu ya wino iache nyumbani, na uliza kwanza kama unaruhusiwa kupiga picha. Ukipata ramani ya Waingereza, vipimo ni futi. Ikiandikwa futi 8 kwa inchi 1, hiyo ni 1 kwa 96, lakini ni kwenye karatasi ya asili tu. Ikishaskaniwa, maandishi hayo hayana kazi tena, kwa sababu kioo cha kompyuta kinaikuza na kuipunguza kinavyotaka. Shika mstari wa vipimo uliochorwa pembeni, au kipimo kilichoandikwa kwa tarakimu, na ukokotoe kutoka hapo. Halafu linganisha na akili: vyumba vya nyumba zetu za mawe havizidi sana mita 3 kwa upana, kwa kuwa boriti haifiki mbali zaidi. Ramani ikikupa chumba cha mita 5 bila nguzo katikati, umekosea kizio. Gharama zikiwa kwa rupia, faili ni la kabla ya 1936, shilingi ilipoingia.

Uangalie pia kama ramani ilijengwa kweli. Mimi nilipata mchoro mzuri wa nyumba ya jirani yenye ghorofa ya tatu ambayo haikuwahi kuwepo. Ilikuwa ni maombi tu, na barua ya kukataliwa ilikuwa kurasa sita mbele.

Haki: soma masharti ya kila taasisi. Kuambatisha kwenye maombi ya kibali sikuona pakatazwapo. Kuchapa kwenye fulana za watalii ni jambo jingine.

Mwisho, usimpe fundi picha kwenye simu. Mikono yake ina chokaa, na kioo kinazimika kila dakika. Chapa kwenye karatasi kubwa, A3, nakala mbili, moja ikae kwa fundi na moja ukutani. Fundi wetu seremala aliitandika ile picha iliyogeuzwa juu ya ubao, akahesabu vijiti vya kukereza vya roshani kwa ncha ya patasi. Vilikuwa ishirini na tatu. Akarudi nyuma akasimama kwenye cha nane.

"Hiki kiliwekwa kichwa chini tangu siku hiyo," akasema, akaniuliza anyooshe au aache. Shangazi akajibu kutoka barazani kwamba aache.