Somo: Kukarabati ofisi ya zamani ya mawe (Mikindani na Lindi)

Wakuu, wengi mmeniuliza habari za ofisi kongwe za mawe ya matumbawe. Boma la hapa Mikindani Wajerumani walilijenga mwaka 1895, baadaye likachakaa vibaya, likakarabatiwa, na leo ni hoteli. Kwa hiyo msikubali kuambiwa dawa ni kubomoa. Mawe yameshachimbwa, yameshabebwa, yameshajengwa. Kuyamwaga jalalani na kuanza upya ni hasara kubwa kwa mfuko na kwa mazingira.

1. Ulizia kibali halmashauri na Idara ya Mambo ya Kale. Jengo lililotangazwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haliguswi kienyeji.

2. Tafuta maji yanapoingilia. Nenda mvua ikinyesha, uangalie bati, gata, na usawa wa ardhi nje. Kazi yenyewe ifanye Juni hadi Oktoba.

3. Bandua saruji. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukuta wa matumbawe una vitundu, unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unakosa njia, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta na kulisaga jiwe. Nilifanya kosa hilo ujanani. Masika ya pili plasta ilianguka vipande vipande, na jiwe nyuma yake lilikuwa unga. Tumia tindo na nyundo ndogo, taratibu. Panapong'ang'ania sana, paache.

4. Piga plasta ya chokaa. Kipimo changu ni ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga wa mto. Wa pwani una chumvi, usiuguse. Chokaa ya mfuko iloweke tangu jana yake. Lowanisha ukuta, piga tabaka la sentimita moja, tundika magunia mabichi mbele yake na uyanyunyizie maji siku kadhaa. Chokaa hukauka polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, ikirudi kuwa jiwe. Ukiiharakisha inapasuka. Ikishika, ndipo tabaka la pili.

5. Boriti: gonga moja moja. Inayolia mzito ni nzima. Yenye mlio wa uwazi, mchwa wameshakula. Mara nyingi kilichooza ni ncha iliyo ukutani tu, basi kata ncha hiyo, uungie kipande kizima, uache iliyobaki. Ukihitaji boriti mpya ya mkoko, kumbuka mikoko haikatwi bila kibali.

6. Zibua madirisha yaliyojengewa matofali, upepo wa kusi upite, kabla hujanunua kiyoyozi.

MASWALI

Mwanachama, Lindi: Shikamoo fundi. Nichanganye saruji kidogo ili chokaa iwahi kushika?
Jibu: Marahaba. Usichanganye. Hata kidogo inaziba vile vitundu. Anza kazi mapema, muda utatosha.

Mwanachama, Mtwara mjini: Rangi gani nipake? Dukani wamenipa ya mafuta.
Jibu: Irudishe, dada. Ya mafuta inafunika ukuta kama nailoni. Paka chokaa nyepesi, mikono mitatu au minne.

Mwanachama, Lindi: Nyaya za umeme nipitishe wapi? Fundi wangu anataka kuchimba ukuta.
Jibu: Mzuie. Pitisha kwenye mabomba juu ya ukuta, pembeni ya fremu za milango. Na tuma picha ya ukuta wenyewe, nione kama una nyufa kabla hajatoboa popote.